Mwiko Ulipogusa Sufuria

Lowell Bascom aliniomba tuoane siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa nimejaa udongo hadi viwikoni.

Tulikuwa tunaziba nyufa za ukuta wa kaskazini wa nyumba ya magogo, yeye nje, mimi ndani. Kati yetu palibaki upenyo wa vidole vitatu tu. Kupitia upenyo ule nilikuwa naliona jicho lake moja, la kijivu, na pembe ya ndevu zake zenye mvi. Nilikuwa nimeshachota bonge la udongo na chokaa aliposema:

"Twyla, ngoja kwanza. Usizibe hapo."

"Nini tena?"

"Jumapili naondoka kwenda Tennessee. Kuna kinu cha zamani cha kusagia nafaka kule, paa lake halitavumilia theluji ya mwaka huu. Nataka twende wote. Nataka uwe mke wangu." Jicho likapepesa. "Nilipanga kusema vizuri kuliko hivi, lakini ungeziba."

Nilicheka. Halafu nikaanza kulia, na nilipojifuta macho nikajipaka udongo uso mzima.

"Nipe hadi Jumapili," nikamwambia.

"Jumapili saa ngapi?"

"Lowell!"

"Nauliza tu. Maana nitakuwa naangalia saa."

Nikaziba upenyo ule haraka. Sikutaka aendelee kuniangalia, kwa sababu uso wangu ulikuwa umeshamjibu kabla ya mdomo.

Ningekuwa mwanamke mwingine ningejibu palepale. Lakini mimi ni Twyla Ledyard, na katika mji wetu jina hilo haliko kwenye kitambulisho changu peke yake. Liko kwenye bango la bustani. Jotham Ledyard na mkewe Keziah walifika hapa Ohio na ng'ombe wawili wa kukokota, wakajenga nyumba ile kando ya Kijito cha Stillhouse wakati hakuna barabara wala jirani. Wajukuu zao wakaupa mji shamba lile, nalo likawa bustani ya watu wote, na bembea zake, uwanja wake wa mpira, na ile nyumba ya magogo katikati. Mimi ndiye mtunzaji wake. Nafungua mlango, nafagia majani, nawaonyesha watoto wa shule namna bibi zetu walivyopika bila umeme.

Jina lenyewe nililipata kwa mume wangu Kirby. Miaka mitano iliyopita alikuwa anakata nyasi pale mteremkoni, kati ya nyumba na kijito, akaanguka. Moyo. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mashine iliendelea kuteremka bila yeye mpaka ikaingia majini, na mlio wake wa kuzimika ndio uliomtoa mama yake nje ya nyumba ya magogo. Mama mkwe wangu Ardith ndiye aliyemfikia wa kwanza.

Nilihamia kwa Ardith ili nikae naye wiki moja. Nilikuja na begi dogo. Hatukujaliwa mtoto mimi na Kirby, na yeye alikuwa mtoto wake pekee, kwa hiyo tulibaki wawili, mkwe na mkwe, tukinywa kahawa asubuhi mezani kwake na kugombania kurasa za mafumbo ya maneno. Wiki ikawa miaka mitano. Kusema kweli, nilimpenda. Bado nampenda.

Lowell alikuja mwezi wa tatu. Halmashauri ya mji ilimwita abadilishe magogo yaliyooza. Siku ya kwanza nilimkuta akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, sikio lake kwenye gogo, kama daktari.

"Huyu anakufa," akasema bila kugeuka. Akasogea hatua mbili, akagonga tena. "Huyu atatuzika sote."

"Na mimi je?" nikamtania. Sijui hata kwa nini nilisema vile kwa mtu nisiyemjua.

Akageuka, akaniangalia. Hakuwa na haraka. "Wewe," akasema, "ningehitaji muda zaidi."

Ilianza hivyo. Alinifundisha kushika tezo ya kuchongea magogo, akisimama nyuma yangu bila kunigusa, na kule kutonigusa kulinichoma kuliko mguso. Mwezi wa saba mvua ilitukuta, tukakimbilia kwenye kinu cha zamani kilicho ng'ambo ya kijito, na humo ndani tukabusiana kwa mara ya kwanza tukiwa tumelowa chapachapa. Baada ya hapo tukawa tunajificha kama wanafunzi. Mimi, na miaka yangu arobaini na mitatu! Yeye alikuwa na arobaini na minane, ameachana na mkewe zamani, anaishi kwenye trela lake kwenye eneo la wapiga kambi ng'ambo ya kijito. Na kibaya zaidi, Ardith alimpenda. Alimpelekea supu ya kuku. "Yule bwana ana mikono ya heshima," aliniambia mara kadhaa. Kila aliposema hivyo nilitazama sahani yangu.

Jumamosi ilikuwa Siku ya Jamu.

Kila mwezi wa kumi, watu wa mji hukusanyika bustanini na kupika jamu ya matufaha kwenye sufuria kubwa ya shaba, juu ya moto wa kuni, kando ya kijito. Moto unawashwa alfajiri, na sufuria haiachwi hata dakika moja mpaka alasiri, maana ukiacha kukoroga inaungua na siku nzima imeharibika. Mwiko wake una mpini mrefu kama kasia ili mkorogaji asimame mbali na moto, na unashikwa na watu wawili. Wanawake tunaotunza nyumba tunavaa magauni marefu na kofia za kitambaa za kufungwa kidevuni. Siku hiyo Ardith, na miaka yake sabini na tisa, alikuwa amevaa la kijani, anapita na kikapu cha mkate akiwapa wageni.

Msimamizi wa sufuria alikuwa Marvella Koontz, aliyeendesha basi la shule kwa miaka thelathini na hajawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Nani hajakoroga?" akapaza. "Wewe Lowell! Miezi saba unakunywa supu zetu, na wewe hujakoroga chochote! Njoo hapa. Na mwenzake… Twyla! Usijifiche nyuma ya keki, nimekuona."

"Marvella, kuna wageni wananingoja ndani."

"Wageni wako hapa wanakula. Njoo, mama, moto haukungoji wewe."

Nikaenda. Ningefanyaje? Lowell alikuwa ameshika mpini tayari. Nikashika mbele ya mikono yake.

"Haya, mnajua sheria," Marvella akawatangazia wote, kana kwamba kuna asiyejua. "Zungusheni pembeni mara moja, pitisheni katikati mara mbili. Na mwiko ukigusa ukuta wa sufuria, mnabusiana. Sikuitunga mimi, ni ya bibi zetu, kwa hiyo msininunie!"

Watu wakacheka. Tukaanza kukoroga. Jamu ilikuwa imeshakuwa nzito, nyekundu ya kahawia, inapasua mapovu, na harufu ya mdalasini na karafuu imetanda mpaka kwenye bembea.

"Umefikiria?" Lowell akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nakoroga."

"Mtu anaweza kukoroga huku anafikiria."

"Mimi siwezi. Moshi unaniingia machoni."

"Moshi unakuja upande wangu, Twyla."

Niliitazama mikono yake nyuma ya yangu, kile kidole gumba chenye kovu, na nikawaza: kesho mikono hii itakuwa kwenye usukani. Keshokutwa itagonga magogo ya watu wengine. Sijui kama ni mawazo yale yaliyonilegeza viganja, ama ni yeye aliyesukuma. Mpaka leo tunabishana. Ninachojua ni kwamba mwiko uligonga ukuta wa sufuria, na shaba ikalia kama kengele ya kanisa.

"Haooo!" Marvella akapiga kelele. "Wote mmesikia!"

"Busu! Busu!" watu wakaanza, wakipiga makofi.

Lowell akainamisha kichwa karibu na kofia yangu. "Si lazima," akasema. "Nitakubusu shavuni, watacheka, yataisha."

Alisema vile kwa kunilinda. Na kule kunilinda ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa nimechoka kulindwa, nimechoka kujificha, na Jumapili ilikuwa kesho. Nikauachia mpini, nikamshika ndevu kwa mikono yote miwili, nikambusu mdomoni. Halikuwa busu la mchezo wa jamu. Kila mtu aliyesimama pale aliliona lilivyo, kwa sababu makofi yalipungua, yakapungua, yakaisha, na kikabaki kijito tu kinachopita kwenye mawe.

Nilipofumbua macho nilimwona Ardith. Alikuwa hatua kumi kutoka kwetu. Akaweka kikapu chini kwenye nyasi, taratibu, akafunika mkate kwa kitambaa ili nzi wasiingie, kisha akageuka akaelekea kwenye nyumba ya magogo.

"Jamani, sufuria!" Marvella akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Inaungua."

Nilimkuta Ardith amesimama mbele ya meko, amenipa mgongo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mama…"

"Nimeuliza tangu lini, Twyla."

"Mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba." Akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo ile supu ya mwezi wa nane nilikuwa nampelekea mchumba wako. Na wewe ukanisaidia kukata karoti."

"Nilitaka kukwambia."

"Mji mzima umejua kabla yangu! Nimesimama pale na kofia hii kichwani kama kinyago, na mkate mkononi, Marvella Koontz ananionea huruma. Marvella!"

"Hakuna aliyejua. Wamejua leo kama wewe."

"Na umeona pa kufanyia ni pale." Akanyoosha mkono kuelekea mteremkoni. Hakutaja kilichotokea pale, na hakuhitaji. "Pale, Twyla."

Hapo nikasema neno ambalo ningelirudisha kama maneno yangerudishwa. Nikasema, "Mama, mimi sikufa pamoja naye."

Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mimi nilikufa," akasema. "Nilidhani unajua."

Kabla sijafungua mdomo, mlango ukasukumwa, wakaingia wageni: mama mmoja kijana mwenye miwani, na mumewe aliyebeba mtoto kifuani. "Samahani, tumeambiwa humu kuna mtu wa kutueleza habari za nyumba?"

Nilitaka kuwaomba warudi baadaye. Lakini Ardith alikuwa ameshanyoosha kofia yake. Miaka thelathini amekuwa akiwaeleza wageni habari za nyumba ile, na sauti ilimtoka yenyewe.

"Karibuni. Hii ni nyumba ya Jotham na Keziah Ledyard. Meko haya ni yaleyale. Jiwe hili lilitoka kijitoni, Keziah alilibeba mwenyewe akiwa na mimba ya miezi sita. Mwaka wa tatu Jotham akaugua homa akafa. Keziah akabaki na watoto watano, na msitu, na theluji inayofika dirishani."

"Maskini," yule mama akasema. "Na hakuolewa tena?"

Swali lile huulizwa mara nyingi. Nami nilijua jibu lake, kwa sababu Ardith ndiye aliyenifundisha: *aliwalea peke yake, hapa hapa.* Nimelisema mbele ya mamia ya watoto.

Ardith alinitazama mimi, hakumtazama mgeni.

"Aliolewa," akasema. "Baada ya miezi kumi na mmoja. Na msaga nafaka wa ng'ambo ya kijito. Walizaa wengine wanne."

Wageni wakatikisa vichwa kwa adabu, wakaanza kupiga picha meko. Mimi nikamsogelea Ardith.

"Hujawahi kuniambia," nikanong'ona.

"Kwenye bango la bustani hakuna msaga nafaka," akajibu. Akafungua kamba ya kofia yake, akaivua, akaiweka juu ya meza ya Keziah, akatoka. Nilimwona dirishani akipita mbele ya watu wote kichwa wazi, nywele zake nyeupe zikipeperuka, akaenda kukaa ndani ya pikapu kungoja nimrudishe nyumbani.

Kabla ya kumrudisha nilikwenda kwa Lowell. Alikuwa kwenye mawe ya kuvukia kijito, anasafisha ule mwiko kwenye maji. Aliponiona usoni akasimama.

"Siwezi," nikasema.

Akauinua mwiko kutoka majini.

"Nimemwona leo. Hana mtu, Lowell. Nikiondoka atabaki na kikombe kimoja mezani. Daktari amemkataza kuendesha gari. Anasahau jiko. Siwezi kumwacha nikaenda kujenga paa Tennessee na kulala usingizi."

"Anaweza kuja nasi."

"Kwenye trela? Mwanamke ambaye hataki hata kulala Dayton kwa dada yake?"

Akacheka bila furaha. Akakung'uta maji kwenye mwiko, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sitakuuliza mara ya pili, Twyla. Si kwa kiburi, usidhani hivyo. Lakini nikiuliza tena utakuwa unavutwa huku na huku, na mtu anayevutwa sana hupasuka. Nimeshaona magogo yakifanya hivyo." Alinigusa kofia kidogo kwa kidole chake cha kovu. "Naondoka kesho saa sita. Kama kuna la kuniambia, najua unajua nilipo."

Niliondoka bila kugeuka nyuma. Ningegeuka nisingefika kwenye gari.

Jioni ile Ardith hakula. Mlango wake ulifungwa. Niliweka sahani nje ya mlango, nikaja kuiondoa ilivyo. Nikalala na nguo zangu zinazonuka moshi na mdalasini, na nikalia mpaka mto ukawa wa kugeuza upande wa pili.

Asubuhi niliteremka ngazi saa moja. Kahawa haikuwa imewekwa. Nikaita, "Mama?" Kimya. Chumba chake kilikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Nikachungulia dirishani: pikapu haikuwepo.

Mwanamke asiyeona vizuri jicho la kulia, aliyenyang'anywa leseni tangu mwaka juzi!

Nikavaa mabuti na koti juu ya nguo za jana, nikakimbia. Kutoka kwetu hadi bustanini ni mwendo wa dakika kumi na tano. Nilitumia saba. Njia nzima nilikuwa nachungulia mitaroni. Nilipovuka daraja niliiona: pikapu yetu imeegeshwa karibu na trela la Lowell, gurudumu moja likiwa limepanda ndani ya bustani ya maua ya akina mama wa kanisa, taa bado zinawaka.

Na nyuma ya pikapu, juu ya kibao cha nyuma kilichofunguliwa kama benchi, walikuwa wamekaa Ardith na Lowell bega kwa bega, wanakula mkate na jamu ya jana.

"Imeungua kidogo," Ardith alikuwa anasema.

"Kidogo sana, Bi. Ardith. Inaleta ladha."

"Usinibembeleze. Imeungua kwa sababu yako." Akaniona. "Huyo kafika. Mwangalie alivyo, hajachana nywele."

"Mama!" Nilikuwa sina pumzi. "Umeendesha gari!"

"Nimegonga maua tu, hayakuwa na haraka ya kwenda popote. Kaa."

"Sikai!"

"Basi simama usikilize." Akaweka kipande cha mkate juu ya paja lake, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Nimemwambia bwana huyu, na wewe nakwambia. Jana nilipokuonyesha mteremko ule nilimsingizia Kirby wivu. Kirby hakujua wivu ni kitu gani. Angekuwa hapa angekula jamu hii akasema uende. Ni mimi, Twyla. Kila asubuhi nakusikia unavyoteremka ngazi, ile ya tatu inalia, na hapo ndipo najua nimeamka. Niliogopa asubuhi ambayo ngazi haitalia."

Nikamsogelea, lakini akainua mkono.

"Sijamaliza. Tumekubaliana. Unaondoka naye leo. Mimi nakwenda Dayton kwa Fern. Anawasha televisheni kutwa na anaweka sukari kwenye kila kitu, lakini ni dada yangu."

"Na mimi nimemwambia hapana," Lowell akadakia. "Nimemwambia nitaiacha kazi ya Tennessee, nibaki hapa, nitafute za karibu."

"Na mimi nimemwambia mwanaume hawezi kuacha paa la watu wakati theluji inakuja."

"Na mimi nimemjibu kwamba…"

"Nyamazeni!" nikasema.

Wote wawili wakanyamaza. Mimi mwenyewe nilishangaa. Sidhani kama niliwahi kumpigia Ardith kelele katika miaka yote ile.

"Mmekaa hapa alfajiri mnanigawana kama keki! Huyu kipande, yule kipande. Kuna aliyeniuliza? Wewe Lowell, jana uliniambia huulizi tena, ukaendelea kuosha mwiko. Wewe Mama ukajifungia chumbani na njaa, halafu ukaiba gari. Miezi mitatu najificha nisimuumize mtu, na mtu mwenyewe niliyemuumiza zaidi ni mimi. Basi! Sasa nasema mimi."

Nikavuta pumzi. Maji ya kijito yalikuwa yanatoa ukungu, na magogo mapya ya nyumba yalikuwa meupe kati ya yale ya zamani.

"Nitakwenda Tennessee," nikasema. "Si kwa sababu umenituma, Mama. Kwa sababu nampenda huyu mtu na mikono yake na utani wake mbaya. Bustani inafungwa wiki ijayo hadi mwezi wa nne, hakuna wa kumwonyesha meko. Mwezi wa nne tunarudi, wote wawili, na tunakaa hapa. Lowell, kuna vinu na mazizi yaliyooza Ohio nzima, hutakosa gogo la kugonga. Wewe Mama utakwenda kwa Fern majira ya baridi, na utanipigia simu kila asubuhi saa moja uniambie umeamka. Usipopiga nitakuja, hata kama barabara zimefungwa. Na wageni wakiuliza habari za Keziah, tutawaambia yote, pamoja na msaga nafaka."

Ardith akakiokota kile kipande cha mkate pajani.

"Fern anaamka saa nne," akasema. "Simu itamwamsha."

"Vizuri."

"Vizuri sana," akakubali, na nikaona amefurahi.

Lowell alikuwa ameshuka kwenye pikapu. Alisimama mbele yangu na makombo ya mkate kwenye ndevu, na macho yale ya kijivu, yote mawili safari hii, bila ukuta katikati.

"Nilisema sitauliza mara ya pili," akasema.

"Ulisema."

"Mimi ni mtu wa neno langu."

"Bwana wewe!" Ardith akamkatiza kutoka nyuma. "Uliza!"

Akanishika mikono. Yake ilikuwa ya baridi, inanata jamu. "Twyla," akasema, "utakubali niwe mume wako?"

Nikamjibu. Sauti ilinitoka ndogo, imejaa machozi, kwa ajili yake peke yake.

"Amesema nini?" Ardith akauliza, akijivuta mbele kwenye kile kibao. "Sikio hili halisikii. Twyla, sema kama mtu!"

Basi nikageuka nikamtazama, mama wa mume wangu, na nywele zake nyeupe na jamu kwenye kidevu, nikalisema tena kwa nguvu zangu zote, mpaka bata waliokuwa wamelala ukingoni wakaruka kwa kishindo na kupita juu ya paa la nyumba ya magogo.